Msaidizi wa Kilo Tatu kwa Mlinzi Mwenye Wasiwasi

Kabla ya kutafuta mbwa wa pili, hakikisha wa kwanza anatimiza masharti ya mwongozo huu. Awe mkubwa, ikiwezekana German Shepherd au chotara wake, aliyenunuliwa kwa ajili ya ulinzi na akapewa jina kabla tabia yake haijajulikana: Simba, Chui, Rambo, Komando. Awe anaishi nyuma ya geti lililoandikwa MBWA KALI. Radi ikinguruma upande wa Ngong, awe keshajibana chini ya gari kabla tone la kwanza halijafika Lang'ata. Amwogope mleta gesi, aogope ufagio, mwavuli ukifunguliwa, mkokoteni ukipita na, kwa sababu ambazo hajawahi kumweleza mtu, wanaume waliovaa kofia. Stima ikirudi ghafla usiku na friji ikaanza kuvuma, awe wa kwanza kukwaruza mlango wa jikoni. Tuseme jina lake ni Simba.

Kama unaye, wewe ni miongoni mwa wakazi wengi wa Nairobi na viunga vyake wanaomlisha mlinzi mchana kisha usiku wakaamka kumlinda.

Sasa umeamua kumletea mwenzake mdogo. Hoja yako inasikika vizuri ikisemwa mezani: Simba anaogopa kwa kuwa yuko peke yake, akipata mwenzake mchangamfu, ataiga ujasiri. Kasoro ni moja tu. Simba haogopi upweke, anaogopa radi. Ukimletea mwenzake, radi itapiga vilevile, ila sasa itawakuta wawili. Hata wale mbwa wanaolia wakiachwa nyumbani mara nyingi wanamlilia mtu, si mbwa mwenzao, na mtu huyo yuko kwenye foleni ya Barabara ya Mombasa akijiuliza kama alifunga mlango.

Kibaya zaidi, mtoto wa mbwa ni mwanafunzi mwenye bidii. Kati ya wiki ya tatu na ya kumi na nne hivi za maisha yake ndipo anapojifunza kipi duniani ni cha kawaida na kipi ni cha kutiliwa shaka. Ukimkabidhi kwa Simba katika wiki hizo ili alelewe, atahitimu mapema: mleta gesi, hatari, ufagio, hatari, kofia, hatari kubwa.

Lakini watoto wameshaambiwa, na mtoto aliyeahidiwa mbwa haelewi maana ya "tutaona". Kwa hiyo tuendelee.

Chagua kwa macho, kama watu wote

Desturi inataka kijibwa kichaguliwe kwa kuangalia kama kitalingana na kochi. Ndiyo maana Maltese anapendwa: mweupe pepe, kilo tatu hadi nne, macho meusi yanayoomba msamaha kwa kosa ambalo hajalifanya bado. Nywele zake hazikomi kukua, kwa hiyo zinataka kuchanwa kila siku na kupunguzwa mara kwa mara. Mwachie dakika kumi kwenye udongo mwekundu wa Kiambu baada ya mvua, kisha ulinganishe tena na kochi.

Japanese Spitz naye ameshika mitaa ya Nairobi kwelikweli. Wajapani walimtengeneza kuanzia miaka ya 1920, manyoya yake yakikauka hudondosha tope yenyewe, na kwa sura ni wingu lenye pua. Hukwambia kila kinachopita nje: paka, kunguru, boda boda, jirani aliyerudi, jirani aliyesahau kitu na kutoka tena. Kwa Simba, ambaye tayari anaamini kila kelele ni taarifa rasmi ya maafa, hii ni sawa na kufungiwa king'ora ndani ya boma. Chihuahua wa Mexico hazidi kilo tatu na hana habari hiyo. Jack Russell amepewa jina la padri mmoja wa Devon, Uingereza, John Russell, aliyesifika katika karne ya 19 kwa kuwinda mbweha. Ukimnunua kwa kupakata, atakaa mapajani mpaka amalize kupanga atachimba wapi. Pug hukoroma hata akiwa macho kwa sababu pua yake imefupishwa kupita kiasi. Kumpeleka kuishi Mombasa mwezi wa Februari ni ukatili, hata kama nyumba ina feni.

Pekingese anastahili sentensi zake mwenyewe. Walikuwa mbwa wa kasri la wafalme wa China. Mwaka 1860 majeshi ya Uingereza na Ufaransa yalipoliteka na kulipora kasri la majira ya joto nje ya Beijing, wanajeshi wakakuta humo vijibwa vitano, na kimoja kikafikishwa kwa Malkia Victoria. Wakakiita Looty, yaani cha uporaji, bila haya wala soni. Nakitaja ili ujue kwamba biashara ya vijibwa vya kupakata haijawahi kuwa safi sana, hata pale mnunuzi alipokuwa malkia.

Aliye karibu nasi kwa asili ni Basenji wa misitu ya Kongo, ambaye kwa kawaida habweki. Hutoa mlio wa kupanda na kushuka, nusu wimbo nusu lalamiko. Ilibidi apelekwe Uingereza miaka ya 1930 ndipo apate vyeti, jambo ambalo wasomi wetu wengi watalielewa. Katika nyumba yenye Simba, ukimya wake ungekuwa neema. Ila ni mwindaji wa kilo kumi hivi, mwenye rai zake, na ukimwita hufikiri kwanza. Kuku wa jirani wasingemfurahia.

Ukishachagua jamii, nenda ukanunue kando ya barabara, kwa kijana aliyesimama juani na watoto wa mbwa wawili kifuani. Atakuambia ni Maltese halisi. Usibishe. Mbwa wote wa wiki tano ni wadogo, na wengi wana manyoya laini; miezi minane baadaye utakuwa na Maltese anayefikisha miguu ya mbele kwenye dirisha la gari. Ukiuliza mama yake yuko wapi, utaambiwa yuko Nakuru. Mama wa watoto wote wa mbwa wanaouzwa barabarani anaishi Nakuru, na sijui mama huyo anapata wapi nguvu.

Wapo wanaopendelea njia ya kuchosha. Hao humtembelea mfugaji nyumbani na kumwona mama wa mbwa kwa macho yao, kwa sababu mama mwoga huzaa na kulea waoga. Hawamchukui mtoto kabla hajatimiza wiki nane. Wakipewa kadi ya chanjo, huangalia kama daktari wa mifugo amebandika zile karatasi ndogo za chupa zenye namba ya toleo la dawa, maana muhuri peke yake hata mwenye kibanda cha fotokopi anao. Kisha huangusha funguo chini, hatua chache kutoka kwa watoto wa mbwa, na kutazama. Wote watashtuka. Mmoja atakimbilia kona na asitoke. Mwingine atazirukia funguo na kumng'ata ndugu yake aliyethubutu kukaribia. Wa tatu atarudi nyuma, atasita, kisha atakuja kuzinusa. Huyo wa tatu ndiye unayemhitaji. Kushtuka si tatizo. La muhimu ni muda anaochukua kurudi katika hali yake.

Familia yako itamchagua yule wa kona, kwa huruma. Utarudi nyumbani na Simba wawili, mmoja wa mfukoni.

Nitaacha kejeli kwa aya moja. Kama kweli lengo ni kumpunguzia Simba mzigo, usitafute mtoto kabisa. Tafuta mbwa mdogo aliyekwisha kukua, wa miaka miwili au mitatu, mtulivu, asiye na ukoo wowote wa kujivunia. Mbwa koko wa namna hii wamejaa. Chama cha kulinda wanyama, KSPCA, ambacho mizizi yake Nairobi inarudi hadi 1910, huwapa makao mapya mbwa kutoka kituo chake cha Karen. Faida ya mbwa mzima ni kwamba tabia yake unaiona mbele yako, hununui ahadi. Unaweza hata kumleta Simba wakutane kabla hujatia saini chochote. Simba akipiga miayo na kugeuza uso, mnarudi siku nyingine. Akijinyoosha mbele, kifua chini na makalio juu, umepata.

Basi, turudi kwenye kochi.

Siku ya kukutanishwa

Chagua saa kumi na mbili jioni, wakati ambapo watoto wametoka shule, soja wa geti anabadilishana zamu, na shangazi amepita kusalimia. Ingia na kijibwa mikononi huku kila mtu akipiga kelele za furaha. Kiweke moja kwa moja kwenye gunia analolalia Simba, karibu na sufuria yake ya chakula, halafu wote mwazunguke na simu zikirekodi. Simba akinguruma, mchape ili ajue mgeni anapendwa.

Kama unapenda vurugu, huo ndio utaratibu. Usioupenda ni huu wa pili, nao hauna picha nzuri. Mtoto wa mbwa akishapewa chanjo za kutosha, au siku hiyohiyo ikiwa ni mbwa mzima, watu wawili huwatoa mbwa wawili hadi mahali ambapo hakuna anayejiona mwenye nyumba. Kichochoro cha nyuma kinatosha, au uwanja wa shule siku ya Jumapili. Wanatembea upande mmoja, wote wakielekea kulekule, wakiachana kiasi kwamba Simba anamwona mwenzake na bado anakumbuka kula kipande cha ini. Nafasi inapungua kadiri wanavyozoea. Wakifikia kunusana, wanusane kwa sekunde chache, kisha kila mmoja anaitwa arudi kwa mtu wake kabla hawajaanza kutafakari sana. Ndipo wanarudi nyumbani pamoja, na humo sufuria za chakula, mifupa na gunia la Simba vimekwisha kuondolewa.

Mahali ambapo watu hupotea njia ni katika kusoma uso wa mbwa. Mbwa mwenye wasiwasi hupiga miayo ilhali hana usingizi, hulamba pua ilhali hajala, hujikuna pasipo kupe, hugeuza kichwa na kuacha weupe wa macho ukionekana pembeni. Familia hutafsiri: amechoka, ana njaa, ana kupe, ana aibu. Mwisho hunguruma, na hapo ndipo kila mtu hushangaa kwamba amekasirika "ghafla". Mlio ule ni adabu yake ya mwisho. Ukimwadhibu kwa kuonya, ataacha kuonya, lakini kuuma hataacha. Asante yake iwe ni kumwondolea mgeni mbele yake.

Wakati huohuo atatokea mjomba. Kila familia inaye, na kwa kawaida amewahi kufuga mbwa wa kulinda ng'ombe huko Nyahururu. Mjomba atakueleza kwamba mbwa ni mbwa mwitu, kwamba katika kundi lazima kuwe na mkubwa mmoja, na kwamba ni lazima umlaze Simba chali na kumkandamiza mpaka akutambue. Asili ya somo hilo ni uchunguzi wa Rudolf Schenkel, uliochapishwa mwaka 1947, kuhusu mbwa mwitu waliofungiwa pamoja kizuizini. Mmarekani David Mech alilieneza wazo hilo katika kitabu chake cha 1970, akaendelea kuwafuatilia mbwa mwitu porini, akakuta kwamba kundi lao kwa kawaida ni baba, mama na watoto wao. Kufikia mwaka 1999 alikuwa akiandika kuisahihisha dhana hiyo. Taarifa bado haijafika Nyahururu. Mpe mjomba chai, umwache aendelee, lakini mikono yake iwe na kikombe muda wote.

Mafunzo

Mbwa hufundishwa kwa neno moja kwa tendo moja. Katika nyumba ya kawaida ya Nairobi, baba humwambia Simba "Sit!", mama humwambia "Kaa!", nyanya aliyekuja kutoka Murang'a humwambia "Ikara!", watoto humwambia "Down!", na dada wa kazi, ambaye ndiye anayeshinda naye, humwambia "Toka hapa!". Kisha wote wanakubaliana kwamba mbwa ni mgumu kuelewa. Neno pekee ambalo nyumba nzima hulitamka sawasawa ni "nyama", na kwa neno hilo Simba hajawahi kukosea.

Kwa hiyo hatua ya kwanza ni mkutano wa familia. Maneno manne yanatosha: kaa, njoo, acha, ngoja. Yabandikwe kwenye friji. Aliyezoea kupiga kelele apewe kazi nyingine.

Hatua inayofuata ndiyo ambayo watu hawataki kuisikia: wafundishe mbali mbali. Kila mbwa atembezwe peke yake, afundishwe peke yake, kwa vipindi vya dakika tano, si saa nzima ya mahubiri. Sababu si ubaguzi. Kijibwa kinapotoka bila Simba, kinakutana na mkokoteni na kuamua chenyewe kwamba ni mkokoteni tu. Kikitoka na Simba, kinapewa maelezo. Na Simba akitoka peke yake, anaweza kumtazama mleta gesi kutoka ng'ambo ya barabara, ale ini lake, arudi nyumbani bila kulazimika kumtetea mtu yeyote. Baada ya hapo ndipo unawaunganisha kidogo kidogo. Ndiyo, maana yake ni kwamba ulitafuta mbwa wa pili ili upunguze kazi, na sasa una matembezi mara mbili.

Ini lenyewe lichemshwe na kukatwa vipande vidogo kama punje za mahindi. Ukilipa kwa vipande vikubwa, kijibwa cha kilo tatu kitashiba kabla hakijajifunza kitu. Na malipo yatolewe papo hapo, ndani ya sekunde moja au mbili. Kijibwa kilichojisaidia nje kisha kikaingia ndani na kupewa ini jikoni kimejifunza kwamba jikoni kuna ini.

Choo ndicho chanzo cha ugomvi mwingi. Mtoto wa mbwa hutaka kutoka akiamka, akimaliza kula na akimaliza kucheza, yaani muda wote. Mtoe wewe, usimfungulie mlango tu ukarudi kwenye taarifa ya habari ya saa moja, kwa kuwa atasimama kizingitini akikungoja, kisha ataingia na kumalizia shughuli kwenye zulia. Ukikuta amekosea, futa. Desturi ya kumsugua pua katika mkojo wake humfundisha jambo moja tu: kwamba watu wana tabia za ajabu wanapoona mkojo, na ni vyema kukojoa wasipoona, nyuma ya kochi.

Sasa tumshughulikie Simba na radi. Mbwa husikia sauti za juu kabisa, hadi karibu mitetemo 45,000 kwa sekunde, ilhali sisi hukomea 20,000 tukiwa vijana. Juu ya hayo, Simba ni wa jamii iliyoasisiwa Ujerumani mwaka 1899 na Max von Stephanitz kutokana na mbwa wa kuchunga kondoo. Kazi ya mbwa wa namna hiyo ni kugundua kila kinachosogea. Umechukua mgunduzi, ukamfungia kwenye boma la robo ekari pasipo kondoo hata mmoja, ukampa mji mzima wa kugundua. Ningekuwa na wasiwasi pia.

Tiba yake inatokana na Ivan Pavlov, Mrusi aliyepata Tuzo ya Nobel mwaka 1904 kwa utafiti wa mmeng'enyo wa chakula. Tafuta rekodi ya ngurumo. Icheze chini kabisa, kiasi kwamba Simba anasogeza sikio tu, kisha mpe ini. Ngurumo, ini. Ngurumo, ini. Baada ya siku kadhaa, ongeza sauti kidogo. Akiacha kula, umekwenda haraka, rudi chini. Mpangilio huu usigeuzwe kamwe. Ini likitangulia na ngurumo ikafuata, Simba atatambua kwamba ini ndilo linaloleta radi, na utakuwa na mbwa anayejificha chini ya gari akisikia sufuria inachemka. Kazi hii huchukua wiki nyingi, na inaweza kubatilishwa na kijana wa miaka kumi na mitatu mwenye spika ya bluetooth anayetaka kuona itakuwaje ikiongezwa hadi mwisho. Spika ifungiwe kabatini.

Mvua ya kweli ikija kabla mafunzo hayajaiva, usimvute kutoka alikojificha ili akabiliane nayo kiume. Na ukitaka kumbembeleza, mbembeleze. Watu husema kumbembeleza mwoga kunamlipa kwa kuogopa. Woga hauongezeki kwa kushikwa bega. Fungua mlango wa stoo, tandika gunia lake humo, washa redio. Kijibwa kisiwepo hapo kikitazama. Wakati huo kiwe chumba kingine kikitafuna kitu kizuri, huku mtu mmoja akijifanya mvua ni jambo la kuchekesha.

Kuhusu kijibwa chenyewe, onyo langu kubwa ni hili: usikiache bila mafunzo kwa kuwa ni kidogo. Simba akimrukia mgeni, mnaomba radhi na kumfungia. Kijibwa kikimrukia mgeni na kumng'ata kisigino, mnacheka na kusema "ana wivu huyu". Kilo tatu za ufidhuli zitaishi miaka kumi na minne au zaidi. Mtoto aliyekuwa akililia kinunuliwe atakuwa amemaliza chuo na kuhama, na wewe utabaki ukivukavuka miguu ya kochi kwenda kujimiminia chai. Kifundishe kukaa chini kabla ya kuguswa na mgeni. Kisivutwe kwa mkanda wa shingoni. Koo la mbwa wadogo hawa huumia kirahisi, kivishe mkanda wa kifuani.

Suala la kulamba nalo si la mzaha. Ukiwa na jirani au mkwe Mwislamu anayefuata madhehebu ya Shafii, kama walivyo wengi wa pwani yetu, mate ya mbwa yakimgusa yatamlazimu kuosha mara saba, moja ikiwa kwa udongo. Kumwambia "hana shida, anakupenda tu" ni kukosa adabu. Mbwa aliyefundishwa kungoja kwenye mkeka wake mpaka mgeni atakapoketi huokoa udugu mwingi. Tena anapendeza.

Sufuria, kupe na sheria

Kila mmoja ale kwenye sufuria yake, mahali pake, mlango ukiwa umefungwa katikati. Simba ataendelea na ugali wake wa omena na matumbo. Kijibwa kinachokua kile mara tatu au nne kwa siku kidogo kidogo, maana watoto wa mbwa wadogo hivi wakikaa na njaa sukari ya damu hushuka wakazimia. Mabaki ya kachumbari hapana, kitunguu huharibu damu ya mbwa. Chokoleti hapana, zabibu hapana, mifupa ya kuku iliyopikwa hapana. Mgeni atakayesema mbwa wa kwao walikula vyote hivyo ni yule mjomba.

Kupe kwetu si aibu tu, huleta homa inayoua, na manyoya mengi ya Spitz huwaficha vizuri. Wakague kwa vidole kila jioni, hasa masikioni na katikati ya vidole vya miguu. Chanjo ya kichaa cha mbwa ni lazima kwa wote wawili, kuanzia umri wa miezi mitatu na kurudiwa kwa wakati. Kenya imejiwekea lengo la kumaliza vifo vya watu vinavyotokana na ugonjwa huo ifikapo 2030, na haitafika huko ikiwa vijibwa vya kochi vinahesabiwa kuwa wanasesere. Mtu akiumwa na mbwa wa ukubwa wowote, jeraha lioshwe kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, kisha aende hospitali siku hiyohiyo.

Na wafunge uzazi. Chotara wa Simba na Maltese ni wazo ambalo mtaa utalishangilia mpaka wakati wa kujifungua.

Utakachopata

Ukifuata haya kwa uvumilivu, baada ya miezi kadhaa utapata nyumba yenye mgawanyo wa kazi ambao hukuupanga. Kijibwa, kwa kuwa kilitembezwa peke yake na hakikupewa maelezo, kitakuwa hakiogopi mtu. Usiku wa manane kitasikia kitu ukutani na kubweka kwa hasira zake zote za kilo tatu. Simba naye, akiwa chini ya gari, atajibu kwa ile sauti yake nzito ya kutisha, bila kutoa hata pua. Aliye nje ya ukuta atasikia majibwa mawili na kwenda kwa jirani. Soja ataamka na kuripoti kwamba alikuwa macho.

Simba bado ataogopa radi, ila atakwenda stoo mwenyewe, kwa hatua za kawaida, kama mzee anayejua saa ya dawa imefika. Hayo ni mafanikio makubwa, hata kama hayafai kupigwa picha.

Fataki ni habari nyingine. Rekodi na ini havitoshi kwa usiku wa Diwali au wa kuukaribisha mwaka, mtaa mzima ukilipuka kwa saa nzima bila mpangilio. Zipo dawa za kutuliza ambazo daktari wa mifugo anaweza kumpa mbwa kama Simba, kwa kipimo cha uzito wake, na zinatakiwa zijaribiwe siku ya kawaida kwanza ili ionekane zinamkaa vipi. Usimpe vidonge vya nyanya vya usingizi, na usimpe bia kama mjomba atakavyopendekeza. Nenda kwa daktari wiki kadhaa kabla ya Diwali, maana tarehe 31 Desemba saa tano usiku simu yake itakuwa imezimwa, na yeye mwenyewe atakuwa ameketi stoo na mbwa wake.